Mzoa taka akichomwa sindano iliyo kwenye kiroba cha mtaani kwako, nani anawajibika?

#1 Mlalakuwa_B (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Leo asubuhi gari la taka limepita mtaani kwetu (mtaa siutaji, mtanijua). Kama kawaida: honi, akina mama mbio na viroba, kijana mmoja chini anapokea, mwenzake juu anakanyaga ili mzigo ushuke. Yule wa chini kakumbatia kiroba kifuani, mara kakibwaga. Sindano. Ilitokeza pembeni ya salfeti ikamwingia kwenye kiganja, chini ya kidole gumba. Glovu hana. Miguuni kandambili.

Kanyonya damu, katema. Dereva kamtolea kitambaa chenye dizeli, kapaka, kapanda gari. Dakika tatu hazikufika. Mama mmoja kamwambia "pole baba", kisha kampa kiroba chake.

Nikaenda kwa mtendaji wa mtaa. Kasema kijana si wao, ni wa mkandarasi. Nikapiga namba iliyo kwenye risiti ya ada ya taka. Jamaa kasema vijana si wake, ni wa dereva, yeye anamlipa dereva kwa tripu. Dereva nilikuwa nimeshamuuliza palepale: "Hawa wasaidizi tu bro, wa leo si wa kesho."

Yaani kijana anazoa taka za mtaa mzima na hakuna anayemjua.

Mimi msimamo wangu ni huu: mwenye jukumu ni halmashauri. Taka ni kazi yake kisheria, mkandarasi kapewa tu aifanye kwa niaba. Nipingeni.

#2 Kibajaji cha Njano

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa pale na kahawa yangu.

#3 Nesi wa Zamu

Kabla ya kutafuta nani anawajibika, kijana yuko wapi sasa hivi?

Sikilizeni, na mnaofanya kazi hizi msome mara mbili. Ukichomwa na sindano usinyonye. Usikamue. Usipake dizeli, mafuta ya taa, jiki wala majivu. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, halafu nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya ajali kama hiyo. Zinaanzwa mapema iwezekanavyo, zikichelewa sana ni saa 72, na zinamezwa siku 28. Baada ya saa hizo 72 hakuna atakayekuanzishia. Pia aulizwe chanjo ya pepopunda, na homa ya ini B, ambayo watu huisahau ilhali virusi vyake vinaambukizwa kwa sindano kirahisi kuliko VVU.

Mwanzisha uzi, mtafute huyo mtoto wa watu. Mjadala upo tu.

#4 Mlalakuwa_B

Asante dada. Nimempigia dereva, simu haipatikani. Nadhani wako foleni dampo.

#5 Wakili wa Kijiweni

Mleta mada una hoja ila umeruka ngazi. Twende taratibu.

Kweli, halmashauri ina jukumu la taka ngumu kwenye eneo lake, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalisema hilo wazi. Lakini usalama wa anayefanya kazi ni jambo jingine, unaangukia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, ile inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini. Huko anayebanwa kwanza ni mwajiri. Vifaa kinga ni juu ya mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti.

Sasa mwajiri ni nani? Dereva anasema "wasaidizi tu". Hilo neno ni maarufu mjini lakini halina nguvu linalodhaniwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, ina dhana ya ajira. Ukifanya kazi chini ya maelekezo ya mtu, au ukatumia vifaa vyake, au ukawa umemfanyia kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unahesabika mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Kukosa karatasi hakukufanyi uwe mpita njia.

Mwajiri akishajulikana kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Matibabu na fidia vinatoka kule, siyo mfukoni kwa bosi. Mwajiri wa sekta binafsi anachangia asilimia 0.6 ya mishahara. Ajali iripotiwe ndani ya miezi 12.

#6 Karani Mdogo

#5 umemaliza, ila marekebisho madogo: asilimia 0.6 ilikuwa 2021, iliposhuka kutoka 1. Mwaka uliofuata ikashushwa tena hadi 0.5, sawa na serikali. Mimi ndiye ninayeingiza hizo hesabu ofisini kwetu.

#7 Wakili wa Kijiweni

Nimepokea karani. Kijiweni hatupati waraka kwa wakati.

#8 Fuso Mbovu

Wazee mnaongea sheria, mimi naendesha gari la taka mwaka wa sita huu. Acheni niwaambie.

Mimi nalipwa kwa tripu. Nikitoka Bunju mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi na foleni ya Dar hii, kurudi ni mchana. Mvua ikinyesha, dampo halipandiki, matope yanameza tairi, mnapanga foleni mpaka greda lije livute. Siku nzuri tripu mbili. Siku mbaya moja, na nyingine nalala nayo garini. Hiyo harufu mnayoisikia kwa dakika tano gari likipita, mimi nakula nayo wali.

Sasa vijana nao wanagawana kwenye hiyo hiyo tripu. Kijana akisimama kuvaa glovu, kuvua glovu, kuhesabu chupa za plastiki (maana hiyo ndiyo posho yake ya pembeni, anauza kwa kilo), muda unakwenda. Hakuna aliyemkataza kuvaa. Tripu ndiyo inamkimbiza.

Na glovu zenyewe mnazosema. Za mpira mkono unachemka, ukivua umekunjamana kama umefua siku nzima. Za ngozi zikishaloa yale maji meusi ya taka zinakuwa nzito, kiroba kinateleza. Gambuti ukiparamia ubavu wa gari lililoloa unaanguka. Nimeona mtu kavunjika mkono kwa gambuti, siyo kwa kandambili.

#9 Binti Mwananyamala

Kwa hiyo #8 kandambili ndiyo kifaa kinga. Nimejifunza.

#10 Fuso Mbovu

Dada njoo uparamie gari siku moja, halafu urudi hapa uandike.

#11 Afisa Mstaafu

Nimefanya kazi afya na mazingira kwenye halmashauri, siitaji ipi, miaka mingi. Wengine humu mnapapasa tembo.

Kwenye nyaraka za tenda vifaa kinga vipo. Vimeandikwa vizuri kabisa: glovu, gambuti, ovaroli, barakoa, rifleka (vizibao vinavyong'aa). Kila mzabuni anaweka tiki. Lakini mkishafungua bei, aliyeweka fedha ya kubadilisha glovu kila baada ya wiki chache anaonekana ghali, na aliyeweka jozi moja kwa mwaka anashinda. Halafu mshindi halipwi na halmashauri kama anavyolipwa mjenzi wa barabara. Anakula kwenye ada ya taka anayoikusanya mwenyewe nyumba kwa nyumba. Mtaa ukigoma kulipa, kitu cha kwanza kukatwa ni nini? Dizeli haikatwi, bila dizeli gari halitembei. Glovu inakatwa, gari linatembea.

Ukaguzi? Afisa afya wa kata ni mmoja, pikipiki anayo, mafuta hana. Fomu ya ukaguzi inajazwa mkandarasi akija ofisini kuomba barua. Nilijaza hizo fomu. Nasema ukweli kwa sababu pensheni yangu imeshatoka.

Vifaa vinaonekana siku mbili: siku ya kukabidhi mkataba, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mkubwa akija kushika fagio. Siku hiyo hata fagio ni jipya.

#12 Kibajaji cha Njano

"Hata fagio ni jipya" 😂😂 Mzee umetuua.

#13 Mama Kikundi

Nimesoma #11 nikajiona mwenyewe. Sisi ni kikundi cha kina mama tulioanza na mikokoteni miwili, baadaye guta. Tulipewa mitaa miwili tuzoe na tukusanye ada. Kwenye karatasi tuna kaya nyingi za kutosha kununulia hata Kanta. Ukianza kugonga milango: huyu "baba mwenye nyumba hayupo", huyu "mimi taka sina, nachoma", huyu ana shimo nyuma ya choo, mwingine anasubiri mvua inyeshe amwage mtaroni. Mtaro unaziba, unakwenda Msimbazi, Jangwani inajaa, na lawama mnatupa sisi.

Mwezi wa kwanza tulinunua glovu Kariakoo. Mwezi wa tatu tukashona za kwetu kwa jinzi za mitumba, vitambaa viwili viwili. Mwezi wa tano kila mtu na mkono wake.

Kwa hiyo swali la mleta mada nalijibu kwa swali: wewe mwenyewe ada umelipa?

#14 Mlalakuwa_B

Mama, nimelipa. Risiti ninayo, ndiko nilikotoa namba ya simu. Ila nakiri mwezi uliopita nilijificha chumbani mtoto akasema baba kasafiri.

#15 Msimbazi Damu

Mnasahau sababu nyingine, watu hawataki kuvaa tu. Kazini kwetu (usafi wa barabara) zililetwa rifleka za kijani na njano. Jamaa zangu watatu wa Simba waligoma wiki nzima. Mmoja alivaa ndani nje. Sasa rifleka ya ndani nje inamulika nini?

#16 Jangwani ni Kwetu

Hao walikuwa na akili. Walijua gari likiona rangi ya Yanga linasimama kwa heshima.

#17 Nesi wa Zamu

Mkimaliza mpira, nirekebishe jambo moja kwa #1 na #13. Glovu ya mpira mwembamba haizuii sindano, na jinzi mbili haziizuii vilevile. Glovu nene inapunguza, haiondoi. Kinachochoma ni namna ya kubeba. Kiroba hakikumbatiwi. Kinashikwa shingoni, kinawekwa mbali na mwili. Na kiroba chenyewe kisijazwe mpaka juu kikakosa shingo ya kushika. Pipa la magurudumu linalonyanyuliwa na gari lingeondoa kukumbatia kabisa.

#18 Mwana wa Keko

Viroba si vilipigwa marufuku 2017?

#19 Kibajaji cha Njano

Hivyo ni vya pombe mzee wangu 😂. Hivi ni vya unga na mchele. Vya pombe wewe umeshavimaliza.

#20 Binti Mwananyamala

Ila #18 kanikumbusha kitu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, taka nyingi zinatoka kwenye salfeti, ndoo zilizopasuka, mabeseni. Zamani kila uchafu ulikuwa umefungwa kamfuko kake. Sitetei ile mifuko, mitaro imepumua. Nasema tu mzoaji siku hizi anakutana na mzigo mtupu, vyupa, wembe, pampasi, vyote vinaogelea pamoja.

#21 Sukari ya Kupanda

Naomba niseme bila kujificha sana. Mimi ni mgonjwa wa kisukari, najichoma insulini mara mbili kwa siku, mwaka wa tisa. Sindano zangu naziweka kwenye kiroba cha taka. Sijawahi kuambiwa pa kuzipeleka. Kliniki wananipa dawa na sindano mpya, za zamani hakuna aliyeniuliza.

Nimesoma #1 nikahesabu: mbili kwa siku, kwa miaka tisa. Sijui nimeandika nini hapa, ila mleta mada naomba usiseme mtaa wenu uko wapi.

#22 Nesi wa Zamu

#21 pole, na asante kwa kusema. Chukua chupa ngumu ya plastiki yenye kizibo, ya dawa ya kufulia kwa mfano. Sindano ikitumika usiifunike tena, idumbukize humo moja kwa moja. Ikifika robo tatu funga kwa utepe wa gundi na uandike nje kwa kalamu nene SINDANO. Siku ya kliniki nenda nayo, waombe waiunganishe na visanduku vyao vya usalama vinavyokwenda kuteketezwa. Wakigoma, mwombe mganga mfawidhi. Si wote watakuelewa siku ya kwanza.

Na si wagonjwa tu. Kuna vyumba vya kuchoma sindano uchochoroni ambavyo havina hata kisanduku.

#23 Mlalakuwa_B

Hapo kwenye uchochoro ndipo macho yangu yalipo. Kwetu kuna duka la dawa lina pazia nyuma. Sitaki kumsingizia mtu ila kiroba kile kilitokea upande ule.

#24 Wakili wa Kijiweni

Usimsingizie basi. Upande ule una nyumba ngapi?

#25 Mlalakuwa_B

Kumi na moja na msikiti.

#26 Mzee wa Vingunguti

Vijana, katika jiji hili taka zimehamisha watu wengi kuliko bomoabomoa. Mimi nimekulia jirani na dampo. Dampo lilikuwa Tabata, wananchi wakaenda mahakamani, wakashinda, likaletwa kwetu Vingunguti, kisha likapelekwa Pugu. Wakati huo wanaookota dampo walikuwa watoto wenzangu, na hakuna aliyejua neno kifaa kinga. Tulivaa soksi mikononi.

#27 Kinyamwezi Juu

Mzee umeruka kituo. Vingunguti ilifungwa 2001, likaenda Mtoni, Temeke. Pugu Kinyamwezi tumeletewa baada ya Mtoni kufungwa. Mimi ni mkazi, nakumbuka lori la kwanza.

#28 Mzee wa Vingunguti

Sahihi, Mtoni nimeisahau. Ukifika umri wangu vituo vinaruka vyenyewe.

#29 Wakili wa Kijiweni

Kesi ya Tabata ni ya 1988, Mahakama Kuu, Jaji Lugakingira. Jiji liliomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, jaji akakataa na kuigusa ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Ni kesi tamu, tafuteni. Ila angalieni walioshinda: wakazi. Waliokuwa juu ya dampo wanaokota hawakuwa sehemu ya kesi. Na hata wakazi walisubiri miaka mingine kadhaa ndipo malori yakaacha kuja.

#30 Karani Mdogo

Halafu mnaposema "jiji" mjue mnamsema nani. Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa Februari 2021, Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa zinazojitegemea. Malori kutoka manispaa nyingine yanakwenda kumwaga Pugu, na Pugu ni Ilala. Kijana akichomwa upande wa Kinondoni, homa ikampanda akiwa dampo Ilala, mtabishana mpaka apone.

#31 Kinyamwezi Juu

Huku juu ndiko kuna kazi. Lori likimwaga, watu wanakimbilia kabla halijashusha bodi, maana wa kwanza ndiye anayepata chuma na chupa. Kiangazi dampo linafuka moshi siku nzima. Si lazima mtu aliwashe. Zaidi ya nusu ya taka zetu ni mabaki ya chakula, yakifunikwa yanaoza bila hewa, inatoka gesi, cheche moja tu.

Mimi moto siuogopi sana. Naogopa kilima. Addis Ababa Machi 2017 dampo la Koshe liliporomoka, likaua zaidi ya watu mia. Agosti 2024 Kiteezi, Kampala, vilevile, zaidi ya thelathini. Yalikuwa madampo kama hili letu: yamerundikwa bila kushindiliwa, na watu wamejenga mguuni mwake. Mvua za masika zikianza mimi silali upande wa ukuta wa nyuma.

#32 Afisa Mstaafu

#31 hilo tuliliandika kwenye taarifa. Zaidi ya mara moja.

#33 Binti Mwananyamala

Zikaenda wapi?

#34 Afisa Mstaafu

Zilifungwa vizuri kwenye mafaili.

#35 Fuso Mbovu

Mimi nasema lipeni kwa mwezi, si kwa tripu, muone kama kijana hatavaa glovu. Huyo #5 na vifungu vyake asikasirike.

#36 Mama Kikundi

Kwa mwezi kutoka wapi baba? Mleta mada mwenyewe anajificha chumbani.

#37 Wakili wa Kijiweni

Sikasiriki. Ila mkandarasi anayeogopa faini atapata fedha za glovu hata kama ada ni ndogo. Hapati kwa sababu hajawahi kupigwa faini.

#38 Afisa Mstaafu

Ukimpiga faini anaondoka, taka zinakaa wiki mbili, kipindupindu kinaingia, na wewe afisa ndiye unayeandikiwa barua. Nilichagua mara nyingi. Sijivunii.

#39 Nesi wa Zamu

Mleta mada, saa ngapi zimepita?

#40 Mlalakuwa_B

Wakuu, samahani kupotea, nilikuwa njiani. Jana usiku nilimpata kwa njia ya dereva mwingine. Anakaa mbali. Asubuhi nimempeleka kituo cha afya, saa 26 tangu achomwe. Wamempima, wamemwanzishia dawa, chanjo ya kwanza ya homa ya ini amechoma. Kwenye fomu kuna sehemu imeandikwa mwajiri. Nesi akauliza, kijana akanitazama mimi. Nikasema andika jina la kampuni iliyo kwenye risiti. Nesi kaandika. Tutaona.

#41 Wakili wa Kijiweni

Umefanya la maana sana. Chukua nakala ya hiyo fomu, usiiache. Piga picha pande zote.

#42 Mlalakuwa_B

Nimepiga. Gari limepita leo mchana tena, naye alikuwa juu. Nikamwambia pumzika, kasema wakipumzika nafasi inachukuliwa. Ana glovu moja, mkono wa kushoto. Nimemuuliza nyingine iko wapi, kasema dereva kawapa jozi moja, kagawana na mwenzake.

#43 Nesi wa Zamu

Alichomwa mkono gani?

#44 Mlalakuwa_B

Kulia.

#45 Mwana wa Keko

Kumbe kwenu gari linapita kila siku? Sisi huku wiki ya tatu hii hatujaliona. Naombeni hiyo namba ya kwenye risiti.